Princeville: kuhama au kubaki kando ya Mto Tar

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watumwa walioachwa huru walikita makazi kwenye ukingo wa Mto Tar, ng'ambo ya mji wa Tarboro, North Carolina. Ardhi hiyo ilikuwa ya bondeni, ya majimaji, na wazungu wenye mashamba hawakuwa na haja nayo. Mwaka 1885 makazi hayo yalisajiliwa kuwa mji kamili, ukaitwa Princeville kwa heshima ya seremala Turner Prince, mmoja wa wakazi wake wa mwanzo. Huhesabiwa kuwa mji wa kwanza Marekani kusajiliwa na watu weusi wenyewe.

Mto uliwatesa miaka mingi, hadi wahandisi wa jeshi walipomaliza tuta la kuzuia mafuriko mwaka 1967. Miaka 32 ikapita salama. Septemba 1999, mvua za kimbunga Floyd ziliuzamisha mji mzima. Maji yalituama kwa zaidi ya wiki, na majeneza yakafumuka makaburini na kuelea. Serikali kuu ilitoa njia mbili: kuwalipa wakazi fidia wahame, au kulikarabati tuta. Halmashauri ya mji ilipiga kura, watatu kwa wawili, tuta likashinda.

Wanaotetea kuhama wana hoja nzito. Oktoba 2016 kimbunga Matthew kilirudisha mafuriko, na safari hii maji hayakuhitaji kulivuka tuta, kwani yaliuzunguka mwisho wake na kuingia mjini kwa nyuma. Kumrudisha bibi kizee kwenye nyumba ambayo imezama mara mbili si jambo la kulipamba kwa maneno ya urithi, na fedha za walipa kodi zina mahitaji mengine.

Hata hivyo, hoja hiyo huanzia katikati ya kisa. Waliojenga bondeni hawakuwa na uwezo wa kuchagua mlimani, na udhaifu wa tuta ulikuwa wa usanifu wake, wala haukutokana na ukaidi wa wakazi. Isitoshe, fidia hulipwa kaya mojamoja. Kila anayeondoka huacha kiwanja kisichoruhusiwa kujengwa tena, kodi ya mji hupungua, na wanaobaki hushindwa kuendesha hata huduma za maji. Kwa njia hiyo mji waweza kufa pasipo mtu yeyote kuamua ufe: sensa ya 2010 ilikuta watu zaidi ya 2,000, na ile ya 2020 watu wapatao 1,250.

Kwa maoni yangu, kosa limekuwa kuzilazimisha njia hizo mbili zishindane. Baada ya Matthew, jimbo lilinunua ekari 53 za ardhi iliyoinuka karibu na mji ili sehemu ya Princeville ihamie huko. Huu ndio mpango wenye busara kuliko yote, mradi ardhi hiyo iwe chini ya halmashauri ileile, na nyumba zake wapewe kwanza waliopoteza za bondeni. Makaburi na majengo ya kihistoria yatabaki yalipo, kwa hiyo tuta bado litahitajika. Lakini tuta linalolinda makaburi na ofisi likishindwa, hasara yake si sawa na ya tuta lililobeba dhamana ya watoto waliolala.