Handaki la siri Mwanza: unafuu na usiri havikai shimo moja

Kila zinapozuka habari za vita au za ugonjwa wa mlipuko, Mwanza hapakosi mtu wa kusema kwamba mwenye akili angechimba handaki chini ya ua wake, akalificha, na kuweka humo chakula na maji ya majuma kadhaa, yote kwa fedha kidogo. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Tarehe 29 Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda iliyosaidiwa na Libya, ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kuushambulia mji huu, nayo mabomu yake yakaukosa na kuangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama waliokuwa wakitunzwa humo. Mji uliosalimika kwa shabaha mbovu ya adui hauna sababu ya kuitegemea bahati ile tena. Isitoshe, mawe na kokoto hupasuliwa papa hapa vilimani, kwa hiyo ukuta wa mawe hauhitaji gharama kubwa ya usafiri.

Tatizo liko ardhini. Katika miteremko ya jiji mchimbaji anaweza kukutana na jabali kabla hata hajafika kiunoni, na kulivunja kwa moto, nyundo na tindo ni kazi ya siku nyingi. Baruti inahitaji kibali na, bila shaka, haina siri. Akishuka bondeni kuelekea ziwani, maji yanakuwa karibu mno. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa, likaingia katika nyumba za ufukweni, na shimo la mita 3 mahali kama hapo ni kisima tu. Hata sanduku la zege lisilopitisha maji, likiwa tupu, linaweza kuinuliwa na maji ya ardhini kama mtumbwi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Unafuu wenyewe una mpaka. Chumba cha mita 3 kwa 4, kikifunikwa kwa udongo wa mita 1 ulioloa mvua, kinabeba zaidi ya tani 20 juu ya paa, na nondo za kuhimili mzigo huo si mahali pa kubana matumizi. Wanaopendekeza kufukia kontena kuukuu husahau kwamba nguvu yake iko kwenye nguzo za kona zake nne, huku mabati ya ubavuni yakibonyea kwa msukumo wa udongo. Hewa nayo haitaki mzaha: watu watano wakilala humo kwa muda wa saa 8 bila tundu la kupitishia hewa, hewa chafu wanayoitoa hukaribia asilimia 3 ya chumba, kiasi cha kuumiza kichwa na kuharakisha pumzi. Jiko la mkaa humo ni kifo.

Usiri ndio unaonishawishi kidogo kuliko yote. Shimo la chumba hicho, kwa kina cha mita 3, hutoa mita za ujazo 36 za udongo, ambazo zikishachimbuliwa huvimba hadi kama 45. Kifusi hicho kitapelekwa wapi mtaani bila jirani kuuliza? Anayetaka unafuu atawaita vibarua wa mtaa huohuo, nao wana ndugu na vijiwe vya kahawa. Anayetaka siri atachimba peke yake kwa miezi, au atawaleta watu wa mbali na kuwalipa zaidi.

Kwa maoni yangu, kinachofaa familia ya kawaida ni stoo ya mawe iliyozama nusu ardhini, yenye milango miwili na mabomba mawili ya hewa, na inayojulikana kwa majirani. Bomba lililofichwa majanini jirani asiyelijua ataweza kulimwagia taka, na paa likiporomoka usiku wa mvua, hakuna atakayejua achimbe wapi.