Leso ya Mreno, ngoma ya nani?

Mimi lililonishika kwanza ni neno. Ukiwa Mombasa ukasema leso kila mtu anakuelewa, iwe ile kanga ya mama au kitambaa cha kufutia jasho. Sasa huko visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia, kuna ngoma inaitwa lenso na ni neno lile lile, lenço ya Kireno, kitambaa cha mkononi. Mreno kapita Malindi 1498, kaiteka Malaka 1511, mwaka uliofuata tu yuko Maluku anasaka karafuu, na njia nzima anaacha maneno, ndo maana sisi tuna meza na bendera na wao wana meja na bendera (halafu kwao gereja ni kanisa, kwetu gereza ni jela, hapo jijazieni wenyewe).

Ngoma yenyewe haina fujo. Wasichana wa Ambon, kisiwa kimoja cha Maluku, wamevaa baju cele, blauzi ya mirabamiraba, kitambaa cheupe kimeshikwa kwa ncha za vidole, magoti yanakunjika kidogo, mkono unapanda unashuka taratibu huku tifa, ile ngoma yao ya kupigwa, ikienda sambamba na fidla. Minahasa, kule Sulawesi Kaskazini, nao wanaidai ni yao, na kwao ilikuwa ya kuchumbiana: leso ikipokelewa mambo yamejibu, ikitupwa basi kijana rudi kwenu.

Wapo wanaosema hayo ni mabaki ya ukoloni tu, na ushahidi wanao. Jina la Kireno, fidla ya Ulaya, na haiko peke yake maana hata quadrille, dansi ya Wazungu, iligeuka katreji huko Maluku na katrili huko Minahasa. Ila kinachowapa raha zaidi ni kisa cha Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia. Huyu rais mwaka 1959 alisimama kwenye hotuba ya uhuru akawakemea vijana kwa rock and roll na cha-cha na muziki alioubeza kuwa ni "ngak-ngik-ngok", 1965 vijana wa bendi ya Koes Bersaudara wakasukumwa ndani Jakarta kwa kupiga vitu vya kina Beatles, na wakati huo huo yeye anapigia debe lenso, anaicheza mwenyewe na wageni wake, mpaka ikatolewa santuri nzima ya mdundo huo mwaka ule ule 1965. Yaani dawa ya kufukuzia Umagharibi ina jina la Kireno!

Nacheka lakini simlaumu sana. Wareno walinyang'anywa ngome ya Ambon na Waholanzi 1605, hawakumaliza hata miaka mia pale, na tangu hapo ni karne nne watu wanaicheza kwenye harusi zao na sherehe zao kwa tifa yao. Mtu hachezi asili ya neno, anacheza harusi ya binamu yake. Mama wa Mombasa akijifunga leso hawazi Lisbon, sasa kwa nini wa Ambon awaze?

Ninapoachana na wanaoitetea lenso ni pale wanapoanza ile lugha tamu ya "tamaduni zilikutana", utadhani watu walikutana sokoni wakabadilishana mapishi. Hapana jamani. Kampuni ya Waholanzi, VOC, iliwaua na kuwafukuza watu wa visiwa vya Banda, huko huko Maluku, 1621 chini ya Jan Pieterszoon Coen kwa ajili ya kungumanga, kisha karafuu ikaruhusiwa Ambon na visiwa vya jirani tu, kwingine mikarafuu ikakatwa, na misafara ya mitumbwi ya kivita, hongi, iliyoenda kuikata ilipigwa makasia na wanavijiji wenyewe kwa lazima. Fidla na dansi za Wazungu zilikuja na ukoloni.

Kwa hiyo mimi jina la kitambaa halinisumbui, nauliza ngoma ipi inaitwa kupokea mgeni na ipi inawekewa polisi. Maluku wanayo pia cakalele, ngoma ya vita ya wanaume wenye panga na ngao nyembamba, haina uzuri wa kumpendeza balozi. Lenso yenye tabasamu ndo inapangwa mstari mgeni akishuka. Juni 2007, Yudhoyono, rais wa Indonesia wakati huo, yuko uwanjani Ambon kwenye sherehe, likaingia kundi la wanaume ambalo halikuwa kwenye ratiba, wakacheza cakalele mbele yake halafu wakatoa bendera ya RMS, ile jamhuri ya Maluku Kusini iliyotangazwa 1950 na kupondwa na Jakarta. Wakakamatwa pale pale, na waliokuja kufungwa walipigwa miaka mingi.