Ujirani mwema hautoshi

Pantoni ya Kalabo haina injini. Gari linapanda taratibu, mbao zinalia, kisha wanaume watatu wanashika kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo na kuivuta kwa mikono. Abiria mwenye nguvu haachwi akae tu. Nilivuta. Mto unaitwa Luanginga, nasi tulikuwa tunakwenda hifadhi ya taifa ya Liuwa, magharibi kabisa ya Zambia, karibu na mpaka wa Angola.

Baada ya kuvuka tulipita vijiji. Nyumba za udongo na matete, ng'ombe, mtoto anaswaga mbuzi, mama anaanika mihogo. Tukaendelea, vijiji navyo vikaendelea. Mimi nimezoea hifadhi za taifa za kwetu Tanzania, ambako ukishapita geti hukutani tena na mtu asiye mtalii, mhifadhi au dereva. Kwa hiyo nilikuwa nangoja vijiji viishe. Mwishowe nikamuuliza dereva, "Kaka, hifadhini tutaingia saa ngapi?" Akaniambia tumeshaingia zamani.

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Zambia ni nchi kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 752,000, na haina pwani. Imezungukwa na nchi nane, nasi tukiwa mojawapo. Wengi wetu tunaijua kwa Tunduma, malori na reli ya TAZARA, basi. Lakini kuna bonde la Luangwa. Kuna hifadhi ya Kasanka, ambako popo kwa mamilioni hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu kuanzia kama Oktoba hadi Desemba kula matunda ya porini. Kuna Kafue, hifadhi yenye zaidi ya kilomita za mraba 22,000, na barabara ya kutoka Lusaka kwenda Mongu inakata katikati yake. Basi letu lilipofungua madirisha pale, mbung'o waliingia kama abiria wenye tiketi. Kila mahali kati ya hapo pangestahili makala yake. Mimi moyo wangu umebaki Liuwa.

Liuwa ni uwanda. Hakuna mlima, hakuna hata kichuguu cha kukuzuia kuona. Nyasi zinakwenda mpaka zinakutana na mbingu, na mwisho wa Novemba, mvua za kwanza zikishanyesha, madimbwi yanang'aa kila upande na korongo taji wanatembea ndani yake mmoja mmoja. Halafu unaona mstari mweusi mbali. Unadhani ni miti, kumbe ni nyumbu. Makumi ya maelfu yao huhama kwa msimu katika nyanda hizi, na uhamaji huo wa nyumbu unahesabiwa kuwa wa pili kwa ukubwa Afrika baada ya ule wetu wa Serengeti na Mara. Hapakuwa na foleni ya magari. Tulizima injini tukawasikiliza wakikoroma.

Wenyeji wa huku ni Walozi. Mfalme wao anaitwa Litunga, na jina lenyewe lina maana ya mwenye nchi, mtunza nchi. Katika miaka ya 1880 Litunga Lewanika aliitenga Liuwa na kuwakabidhi watu waliokuwa wakiishi humo kazi ya kuilinda. Wanasimulia kwamba Litunga mmoja alichomeka fimbo yake uwandani, ikachipua ikawa mti, mkubwa, na mti huo unaonyeshwa mpaka leo. Sitaki kumpamba Lewanika kupita kiasi. Alikuwa mfalme, amri ilikuwa amri yake, na wanyama walikuwa wa kuwindwa na wakubwa kwanza. Lakini aliona jambo ambalo serikali nyingi zilizokuja baadaye hazikuliona: hakuwatoa watu ili wanyama wabaki. Aliwaambia watu wabaki, kwa sababu wao ndio walinzi.

Liuwa ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1972. Ng'ambo ya mpaka vita vya Angola vilidumu hadi 2002, bunduki zikazagaa, na ulinzi upande wa huku ukalegea. Wanyama wakaisha. Simba waliuawa mpaka akabaki jike mmoja.

Jike huyo dunia ilikuja kumjua kwa jina la Lady Liuwa. Fikiria simba, mnyama anayelala amelaliana na wenzake, anayewinda kwa kikosi, anaishi peke yake miaka kadhaa katika uwanda wote ule. Usiku alikuwa akinguruma na hajibiwi. Alianza kusogea kambini kwa watu, akilala karibu na mahema, bila kumdhuru mtu, kwa kuwa hapakuwa na kiumbe kingine wa kukaa naye. Wapo wenyeji walioamini kwamba ndani yake mlikuwa na roho ya bibi mmoja aliyeheshimika sana alipokuwa hai, na kwa hiyo hakuguswa. Mwaka 2003 serikali, ufalme wa Walozi na shirika la uhifadhi la African Parks walikubaliana kuiendesha hifadhi kwa pamoja, na kuanzia 2008 simba wengine wakaanza kuletwa. Alipokufa mwaka 2017, kwa uzee na si kwa risasi, Liuwa ilikuwa na simba tena.

Watu waliomwacha hai yule simba hawakuwa majirani wa hifadhi. Walikuwa wakaaji wake. Watu wapatao 10,000 wanaishi ndani ya Liuwa kihalali.

Kwetu tuna maneno ya ofisini tuliyoyazoea kiasi kwamba hatuyasikii tena. Tunasema "wananchi wanaozunguka hifadhi". Tuna pia mpango wa "ujirani mwema": shule inaongezewa darasa, zahanati inapata vitanda, wazee wanaitwa mkutanoni. Sivibezi vitu hivyo hata kidogo. Mtoto aliyekuwa akisomea chini ya mwembe anajua thamani ya darasa. Lakini jirani ni mtu wa nje ya ua. Ng'ombe wa jirani akila mahindi yako unadai fidia. Ukionekana kwa jirani usiku unaitwa mwizi. Na nyumba ya jirani ikiungua utasaidia kuzima, ila mali inayoteketea si yako. Tukimfanya mtu jirani wa ardhi aliyozikwa babu yake, tusishangae akikaa kimya anapomwona jangili akipita.

Siku ya pili tulikuta dimbwi ambalo nadhani halikuzidi uwanja wa netiboli. Wanawake sita walikuwa wamejipanga mstari, maji magotini, kila mmoja na kikapu, wakisonga mbele pamoja kama wanaofagia. Kambare walikuwa wakiruka kwenye tope mbele yao. Mmoja alikuwa mke mpya wa ukoo, akawa anaelekezwa pa kusimama na jinsi ya kuinamisha kikapu. Nyumbu walikuwa wakila umbali ambao ungeweza kuwaita kwa sauti, wala hawakushtuka. Dimbwi lile ni la ukoo wao, limekuwa lao tangu kwa bibi zao. Niliuliza, kwa kutafsiriwa, itakuwaje watu wengine wakija kuvua hapo. Mama mkubwa alinitazama kama mtu aliyemuuliza je, mgeni anaweza kuingia jikoni kwake na kufunua sufuria. Hakuhitaji kujibu.

Huko ndiko kumiliki. Kunufaika ni jambo jingine, na tumezoea kuyachanganya haya mawili.

Najua nitaambiwa Liuwa si Ngorongoro. Ni kweli. Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wafugaji na wanyama kuishi pamoja, watu walikuwa wachache sana kuliko leo, na mifugo hali kadhalika. Nyasi zina kiasi. Lakini mimi nasema hesabu hiyo ilipaswa kupigwa na wenye ng'ombe wakiwa mezani, kwa nguvu ileile ya kuamua waliyonayo wahifadhi. Tangu 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa kijiji cha Msomera, Handeni. Serikali inasema ni hiari. Wapo wanaosema huduma zilipunguzwa hadi hiari ikakosa maana. Mimi nimesikia uchungu wa wanaosema hivyo, na siamini kwamba uhifadhi unaojengwa juu ya uchungu huo utadumu.

Wala Liuwa si peponi. Simba wakirudi, ng'ombe wanaliwa. Kilimo kina mipaka. Shirika linalosaidia kuiendesha linatoka nje, na fedha zake zinatoka nje zaidi, na mimi hilo linanipa wasiwasi: siku wafadhili wakichoka itakuwaje? Kinachonipa moyo ni kwamba ufalme wa Walozi ni sehemu ya mkataba wenyewe. Haukualikwa kuja kupiga makofi.

Tuliporudi Kalabo jioni ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha na kamba ya pantoni imelowa, inateleza. Mzee aliyekuwa mbele hakuniuliza kama nimefurahia safari. Alisema neno kwa Kilozi, dereva akanitafsiria: anauliza nyumbu wameshafika wengi? Nikasema wengi sana. Akavuta kamba mara mbili tatu, halafu akauliza tena, kama mfugaji anavyoulizia mifugo yake aliyoiacha kwa mdogo wake kijiji cha pili: wamenona?