Kamera imezimwa, mwanafunzi yuko wapi?

Mhadhiri anafungua kipindi cha Zoom, anasalimia, anajibiwa na miraba myeusi arobaini. Anauliza swali: kimya. Basi anajua: wamejiunga, wakarudi kulala. Lalamiko hili tumelisikia vyuoni tangu 2020, na siwezi kusema halina msingi. Wanaolala wapo.

Utafiti nao unampa mhadhiri nguvu. Di Xu na Shanna Jaggars walichambua matokeo ya kozi karibu laki tano za wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili katika jimbo la Washington, Marekani. Katika ripoti yao ya 2014, kila kundi lilifanya vibaya zaidi mtandaoni kuliko darasani. Walioumia zaidi ni wanaume, vijana, weusi na waliokuwa na alama ndogo tangu mwanzo. Watu wazima na wanawake walipungukiwa kidogo. Anayetaka kusoma hapo neno "nidhamu" atalisoma. Mimi naona kazi iliyohamishwa. Darasani, ratiba, jirani wa kiti na jicho la mwalimu humsimamia mwanafunzi. Mtandaoni anaachiwa ajisimamie, na hakuna aliyemfundisha.

Halafu kuna bando. Kipindi cha video chenye picha safi hula kama GB 1 kwa saa. Chukua kozi tano, saa mbili kila wiki, wiki 15: saa 150. Yaani GB 150 kwa muhula mmoja, kwa kijana wa geto la Mwenge, Dar es Salaam, ambaye boom (fedha ya mkopo ya kujikimu) limechelewa na chakula chenyewe anakopa kwa mama ntilie. Akizima kamera anaokoa sehemu tu, kwa sababu uso wa mhadhiri na slaidi zake bado vinashuka. Tena anatumia simu, si kompyuta: jedwali la takwimu analitazama kwenye kioo cha upana wa kiganja, na nyumbani wakipiga, kipindi kinakatika. Sauti tupu ingemgharimu makumi ya MB kwa saa, basi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kilianza kufundisha watu wa mikoani kwa vitini kabla Zoom haijazaliwa. Hakuna aliyedai kuona nyuso zao kila Jumatatu. Walipimwa kwa kazi walizoandika na mitihani waliyofanya.

Mhadhiri anaweza kurekodi sauti ya dakika 20, akaituma WhatsApp pamoja na maswali matatu ya kujibiwa kabla ya Ijumaa. Atajua haraka nani anasoma na nani amelala. Ila hapo itabidi asahihishe majibu arobaini kila wiki, na mzigo wake wa kufundisha haukupunguzwa hata saa moja kwa ajili hiyo. Kudai kamera iwashwe ni rahisi zaidi.