Kamera kwanza, siklosporini baadaye

Hapa Moshi mwanamke akisema kibofu kinamuuma, jibu liko tayari: UTI. Anapewa antibayotiki, anarudi, anapewa nyingine. Mkojo unaoteshwa maabara kutafuta vijidudu, hakioti kitu, bado anaandikiwa ya tatu. Mwisho anaambiwa ana mawazo. Dada yangu amepitishwa njia hiyo yote, na hasira yangu haijapoa. Mtu anayeogopa kupanda Coaster ya Arusha kwa sababu hawezi kufika hata Boma Ng'ombe bila kwenda chooni hana mawazo. Anaumwa.

Kibofu kinaweza kuuma miaka na miaka bila kijidudu chochote. Baadhi ya wagonjwa wana vidonda kwenye ukuta wake, vile ambavyo Guy Hunner, daktari wa Baltimore kule Marekani, alivieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kipimo cha mkojo hakivioni. Vinahitaji kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo.

Sasa watu wanatumiana habari kwamba maumivu haya yanatulizwa na siklosporini, dawa wanayomeza waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ngeni. Si uzushi. Utafiti wa Finland uliochapishwa 2005 uliwafuatilia wagonjwa 64 wenye maumivu ya kibofu ya namna hii kwa miezi 6: asilimia 75 ya waliomeza siklosporini walipata nafuu, wakati wenzao waliopewa pentosani, dawa nyingine ya maumivu haya ya kibofu, walikuwa asilimia 19 tu. Baadaye ikaonekana kwamba wanaofaidika zaidi ni wenye vidonda vya Hunner. Wasio navyo, wengi wao haiwasaidii. Na hata mwenye vidonda huanza kwa kuvichoma kwa joto au kudungwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye vidonda vyenyewe. Dada alichomwa vidonda vyake, akapata usingizi. Siklosporini hajaihitaji bado.

Kinachonitisha ni mtu kuitafuta dawa hii kabla hajachunguzwa. Inashusha kinga, na kwetu TB ipo. TB iliyolala inaweza kuamka. Tena TB yenyewe hukaa hata kwenye kibofu, kichocho vilevile, saratani vilevile, na yote huleta maumivu, damu na kukojoa kila mara. Kumshushia kinga mgonjwa wa namna hiyo ni kumfungulia mwizi mlango. Halafu akianzishiwa rifampisini ya TB, siklosporini inapungua nguvu mwilini.

Figo nazo zinaweza kuharibika, presha ikapanda, mgonjwa asihisi lolote. Kwa hiyo gharama si vidonge peke yake. Kuna kupima presha na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, muda wote anapoimeza. Daktari akikuandikia bila kukupangia vipimo hivyo, mwulize pale pale, usione aibu.

Siipingi dawa. Kwa mwenye vidonda vilivyochomwa vikarudi, naona ni haki yake aambiwe kwamba ipo. Ila madaktari wetu wa vituo vya afya, nawaomba: mkojo ukioteshwa usiote kitu na maumivu yakaendelea, msiandike antibayotiki nyingine. Andikeni rufaa kwa daktari wa mfumo wa mkojo.