Wivu wa Mapenzi Haushiki Kisu

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye daladala kutoka Mbagala, redio ikiwa katika kipindi cha kusoma magazeti, na mtangazaji akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea msimamo wa Ligi Kuu kwamba mwanamke mmoja ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake, na kwamba chanzo cha tukio ni wivu wa mapenzi. Mama aliyekaa mbele yangu akasema, "Mapenzi haya jamani, yatatumaliza." Kondakta akaongezea kwamba wanawake wa siku hizi nao wamezidi. Hadi tunashuka Kariakoo, aliyeshika kisu hakuwa ametajwa na mtu yeyote ndani ya gari lile.

Silaumu abiria, kwa sababu walirudisha tu walichopewa. Habari ilikuwa na "ameuawa", kitenzi ambacho katika Kiswahili kinasimama vizuri kabisa bila mtendaji, na nafasi ya mtendaji ikajazwa na wivu. Wivu tunao sote. Taarabu nzima imejengwa juu ya wivu, watu wanatunzana na kupigana vijembe hadi alfajiri, kisha kila mmoja anarudi kwake akiwa mzima. Jambazi akimuua mwenye duka, hatuandiki kwamba chanzo ni mapenzi yake makubwa kwa fedha. Tunaandika jambazi ameua. Ila aliyeuawa akiwa mke, ghafla tunakuwa wataalamu wa mambo ya moyo, na neno "mapenzi" linapachikwa kwenye habari ya maiti bila mhariri yeyote kushtuka. Mara nyingi kinachoitwa wivu ni kwamba mwanamke alitaka kuondoka, au alikwisha kuondoka, na mwanamume akaona hana haki hiyo. Sentensi hiyo si ndefu, na ukurasa wa mbele unaitosha.

Hata umaarufu haumwokoi mtu na uandishi huu. Mwanariadha wa Kenya Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, kule Ujerumani. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris tarehe 11 Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, nchini Kenya, na siku nne baadaye akafariki hospitalini Eldoret. Kwake yeye hata wivu haukuhitajika, maana palipatikana "mzozo wa ardhi". Mzozo una pande mbili, lakini petroli ilikuwa mkononi mwa upande mmoja. Na huyo aliyeimwaga, ambaye walikwisha kuachana, baadhi ya vyombo vya habari viliendelea kumwita mpenzi wake. Sijui ni mpenzi wa namna gani huyo anayekuja na dumu.

Picha ni dhambi nyingine: marehemu huwekewa ile aliyopiga harusini amejipamba, mtuhumiwa hawekewi yoyote.

Najua waandishi watanijibu kwamba maneno yale ni ya kamanda wa polisi wa mkoa, na kwamba sheria hairuhusu kumwita mtu muuaji kabla ya hukumu. Haya, nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwa sababu neno "anatuhumiwa" lipo na halijawahi kulipiwa ushuru. Sheria inayomkataza mwandishi kumtia mtu hatiani haimlazimishi kumtafutia udhuru, na huo wivu unaotajwa siku ya pili ya uchunguzi ni nini kama si udhuru, tena uliotolewa kabla hata mwenyewe hajapanda kizimbani kuuomba?

Nasema haya nikiwa nimechafuka mikono. Miaka ya nyuma nilipokuwa nikiripoti kutoka mkoani, nililipwa kwa kila habari iliyotoka, na habari ya mauaji ilikuwa haikosi nafasi. Niliandika moja ya mama muuza dagaa aliyekatwa panga na mumewe, nikaweka wivu wa mapenzi kwenye aya ya kwanza, ikatoka siku iliyofuata chini ya jina langu, nami nikaikata na kuihifadhi. Mwaka huu, nikihama nyumba, nililiona daftari la siku ile. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu maneno ya jirani yake: kwamba marehemu alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi mara mbili kushtaki kupigwa, na mara zote mbili aliambiwa arudi akayamalize na mwenzake. Nilitafuta sentensi hiyo kwenye kile kipande cha gazeti. Haimo.