Weissmuller alikuwa wa kweli akiwa majini

Utotoni, tukitoka banda la video tulikimbilia baharini, tunapiga lile yowe na kujirusha majini. Jina la Johnny Weissmuller, mwigizaji wa zile filamu za mtu wa porini, hatukulijua. Kwetu alikuwa Tarzan, basi.

Ukubwani nikamchukia. Afrika ile aliyokuwa akibembea ilitengenezwa California, nyingine ikaazimwa kutoka filamu iliyopigwa huku. Tembo walikuwa wa Asia, wakavishwa masikio ya bandia wafanane na wetu. Hata lile neno "umgawa" analoamrishia wanyama lilibuniwa tu; sisi wenye kugawa na mgawo hatulitambui. Na watu weusi? Wengi hawana hata majina, wapo wa kubeba mizigo na kuporomoka magengeni. Hilo linaniuma mpaka leo, na wanangu hawataziona filamu hizo bila mimi kukaa kando yao.

Lakini mtu mwenyewe nimemsamehe, kwa ajili ya maji.

Alizaliwa 1904 Freidorf, ambako leo ni Romania, akapelekwa Marekani akiwa mchanga. Mwaka 1922 akawa binadamu wa kwanza kuogelea mita 100 kwa mtindo huru chini ya dakika moja: sekunde 58.6. Olimpiki ya Paris 1924 alimpiku bingwa mtetezi, Duke Kahanamoku wa Hawaii, akarudi na dhahabu tatu; Amsterdam 1928 akaongeza mbili. Ili aiwakilishe Marekani, ilidaiwa kuwa amezaliwa Pennsylvania, alikozaliwa mdogo wake. Kijana wa wahamiaji, miaka yote hiyo akificha kwao.

Mtazameni vizuri anapoogelea. Kichwa na kifua viko juu, uso mkavu, mabega yanazunguka taratibu kama mtu asiye na haraka, na bado anakwenda kama mashua iliyopata upepo. Mamba anayepigana naye katika filamu ya 1934 ni wa mashine. Mwogo ule hauna mashine.

Filamu 12 za Tarzan, 1932 hadi 1948, kisha wakamvika nguo na kumpa jina la Jungle Jim, mhusika mwingine wa filamu za porini. Uzeeni alikuwa akisalimia wageni kwenye kasino ya Las Vegas. Alifariki Acapulco, Januari 1984, na mazikoni wakacheza rekodi ya lile yowe. Ningekuwepo, ningewaomba wasome ile namba ya 1922.